Sheng na Sikio la Mtu Mzima: Uhakiki wa Lawama na Sifa

Miongoni mwa mada ambazo zimeandikiwa sana na kutengwa kidogo katika uwanja wa isimu ya Kiswahili nchini Kenya ni Sheng, yaani usemi wa vijana wa Nairobi ambao mtu mzima aghalabu huyasikia maneno yake bila kuipata maana. Maandishi yaliyopo si haba. Osinde aliitafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986. Spyropoulos akachapisha uchunguzi wake wa awali mwaka 1987. Mazrui aliandika mwaka 1995, Abdulaziz na Osinde mwaka 1997, Githiora mwaka 2002 na kisha kitabu kizima mwaka 2018. Hata hivyo mjadala wa kila siku, ule wa vyumba vya walimu, wa safu za magazeti na wakati mwingine hata wa makongamano, umebaki palepale ulipokuwa katika miaka ya 1980. Upande mmoja wadai kwamba Sheng inakiua Kiswahili. Upande wa pili wadai kwamba Sheng ndiyo lugha ya taifa inayozaliwa mbele ya macho ya watu wasiotaka kuiona. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zinabishania kitu ambacho hazijakitenga na vingine vinavyofanana nacho, na kwamba ile sifa moja inayoitambulisha Sheng kikweli, nayo ni kutoeleweka kwa mtu mzima, imechukuliwa kuwa kasoro ya pembeni ilhali ndiyo kiini cha jambo zima.

Kwanza kutenga. Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili anapolalamika kwamba wanafunzi wake wanaandika Sheng, mara nyingi mifano anayoitoa ni ya namna hii: vitabu zangu ziko kwa meza, alieleza venye alikuja, yeye hukujanga kila siku. Sentensi hizi zina makosa, tena ya wazi, zikipimwa kwa Kiswahili sanifu. Upatanisho wa kisarufi umevunjika katika ya kwanza, na mahali pa mezani pamechukuliwa na kwa meza. Katika ya pili neno venye limeshika nafasi ya jinsi pamoja na kirejeshi chake. Katika ya tatu kitenzi kimeongezwa kiambishi tamati -nga cha mazoea juu ya hu- ambayo tayari ni ya mazoea, kiambishi ambacho wasemaji wa Kigikuyu na wa Kiluhya hawashindwi kutambua kilikotoka. Lakini je, kuna mtu mzima wa Nairobi, Nakuru au Kakamega ambaye amewahi kutatizwa na lolote kati ya hayo? Hivyo ndivyo anavyosema mfanyabiashara wa Gikomba, ndivyo anavyosema mhubiri, ndivyo anavyosema mbunge akiwa jukwaani, na ndivyo anavyosema mwalimu wa hisabati katika chumba cha pili. Duran alikwisha kuzieleza sifa za Kiswahili kisicho sanifu cha magharibi na kati ya Kenya mwaka 1979, na watu aliowashughulikia hawakuwa watoto wa mitaa ya Nairobi. Ni Kiswahili cha bara, lugha ya pili ya watu wazima waliokutana mijini, mashambani mwa walowezi na katika reli, kila mmoja na lugha ya mama yake. Mtoto anayeandika vitabu zangu haandiki Sheng. Anaandika Kiswahili cha baba yake.

Kitu cha pili kinachoingizwa katika kapu hilohilo ni kuchanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja, jinsi wafanyavyo makarani, mawakili na wahadhiri wenyewe. Kazi ya David Maillu iitwayo Without Kiinua Mgongo (1989), ambamo lugha hizo mbili zimechanganywa makusudi, huweza kutajwa na msomaji asiye makini kuwa ni mfano wa Sheng. Sivyo. Yeyote aliyepita shule ya Kenya anaielewa, na mchanganyo wake ni wa watu wa makamo. Abdulaziz na Osinde walionyesha pia kwamba vijana wa mitaa ya matajiri upande wa magharibi wa Nairobi walikuwa na msimbo wao, Engsh, wenye kuegemea sarufi ya Kiingereza. Huo nao una kisa chake na hautaingiliwa hapa.

Vitu hivyo vikishaondolewa, kinachosalia ni kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kinasalia msamiati, pamoja na mbinu za kuuzalisha na kuubadilisha. Sarufi inayoubeba msamiati huo ni ya Kiswahili, na inafuatwa kwa uaminifu ambao haujapewa haki yake. Chukua kitenzi dishi, kwa maana ya kula, ambacho asili yake ni jina la Kiingereza la sahani ya chakula. Kijana husema nimedishi, tutadishi, akadishi. Akikanusha wakati uliopo hasemi kwa kugeuza irabu ya mwisho, bali husema sidishi, na hatua hii si ya ovyo hata kidogo, kwa kuwa vitenzi vya asili ya Kiarabu kama safiri, fikiri na samehe hufuata kanuni hiyohiyo: sisafiri, sifikiri, sisamehe. Kwa upande mwingine bonga, yaani kuzungumza, ambacho kinaishia kwa a kama vitenzi vya Kibantu, kinakanushwa kwa kugeuza irabu: sibongi, hatubongi. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kijana huyo kutofautisha makundi hayo mawili ya vitenzi. Ameyatofautisha kwa sababu Kiswahili kimo kinywani mwake.

Mfano wa kunyambua ni bora zaidi. Dedi ni kufa, kutoka Kiingereza. Dedisha ni kuua. Uhusiano wa dedi na dedisha ni ule ule wa rudi na rudisha. Vivyo hivyo bonga huzaa bongesha, kwa maana ya kumsemesha mtu, hasa msichana. Katika nomino, karao, yaani askari polisi, huwa makarao katika wingi, kama karani na makarani. Mtoi, kwa mtoto, huwa watoi. Keja, nyumba, huwa makeja. Mtu akitaka kushuhudia viambishi vya Kiswahili vikifanya kazi juu ya mashina ambayo hayajawahi kuonekana katika kitabu chochote, basi na asimame kituoni asikilize. Lugha inayodaiwa kuuawa ndiyo inayotoa mifupa, mishipa na viungo vya huyo anayedaiwa kuwa muuaji.

Ikiwa sarufi ni ya Kiswahili, basi mtu mzima anachanganyikiwa na nini? Anachanganyikiwa na maneno, na amekusudiwa achanganyikiwe. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu chimbuko. Wapo wanaolipeleka nyuma hadi kwenye usemi wa siri wa wezi wa mifukoni katika Nairobi ya miaka ya 1930, na wapo wanaolihusisha na watoto wa mitaa ya Eastlands, kama Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati, Makadara na Jericho, katika miaka ya 1960 na 1970. Maelezo haya mawili hayapingani kama inavyoonekana, maana maneno yaweza kuwa ya zamani kuliko jumuiya inayoyatumia. Lakini sababu inayotolewa kuhusu watoto wa Eastlands ina uzito wa pekee. Nyumba za mitaa hiyo zilikuwa za chumba kimoja au viwili. Mtoto alilala, akala na akasoma mahali palepale ambapo baba na mama walizungumza. Wazazi walijua lugha ya kwao, walijua Kiswahili, na wengi walijua Kiingereza cha kutosha. Hapakuwa na ukuta. Vijana waliutengeneza ukuta kwa maneno. Si bure kwamba neno lao mashuhuri la nyumba, keja, lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya tundu la ndege au kizimba cha mnyama.

Mbinu zao zastahili kuangaliwa moja moja, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwamba kutoeleweka huku ni kazi ya akili na si uvivu. Neno matatu lenyewe ni la mtaani. Lilitokana na nauli ya mapeni matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi, iliyotozwa na magari hayo katika miaka ya 1960. Watu wazima walilizoea, likaingia magazetini, na hatimaye likaingia katika sheria: Sheria ya Trafiki ya Kenya inalifasili neno matatu kama istilahi yake. Neno lililofika bungeni halifichi kitu. Vijana wakalirudia upya. Wakaacha ma- mahali pake, wakaitafsiri tatu kwa Kiingereza, wakapata mathree. Utani huu hauwezi kufurahiwa na mtu asiyejua lugha zote mbili, wala na mtu asiyekumbuka kwamba ndani ya matatu mna tatu. Wengi wa watu wazima walikuwa wamesahau. Baadaye mathree nalo likazeeka, na magari yenye michoro na muziki mkubwa yakaitwa nganya.

Kisha kuna msee. Neno hili, ambalo humaanisha mtu yeyote wa rika, jamaa, mwenzangu, ni mzee ambalo z yake imekuwa s. Kwa badiliko dogo la sauti, neno la heshima ambalo kijana alilazimika kulitumia kwa kila mwanamume mwenye mvi liligeuzwa likawa salamu ya wavulana wa miaka 15 wakiitana wao kwa wao. Jambo kama hilo lilitokea kwa buda, ambalo kwa Kihindi ni la mtu mzee. Kwanza lilimaanisha baba, kwa kejeli kidogo. Leo vijana huitana buda bila kuwapo baba karibu. Mtu mzima anayelisikia msee na kudhani kwamba ni matamshi mabaya ya mzee hajakosea kuhusu sauti. Amekosea kuhusu nani anayeitwa. Hapa ndipo orodha za maneno zinaposhindwa kabisa, kwa kuwa orodha itasema msee maana yake ni mtu, na kwa kusema hivyo itakuwa imeacha nje yote yaliyomo katika neno hilo: cheo kilichonyakuliwa, wazee waliopokonywa jina lao, na mzaha ambao mwenyewe hajui tena kama anaufanya.

Mbinu ya tatu ni kupindua silabi. Stori huwa risto. Waandishi wengi wamelitaja jambo hili kana kwamba lilizuliwa Nairobi, na baadhi wamelifananisha na michezo ya lugha ya vijana wa Ulaya. Jirani wa karibu zaidi amesahauliwa. Waswahili wa Zanzibar katika karne ya 19 walikuwa na kinyume, usemi wa kuihamisha silabi ya mwisho na kuitanguliza, na Edward Steere aliutaja katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870. Kwa kanuni hiyo kitanda kingetamkwa ndakita. Hakuna ushahidi kwamba mvulana wa Makadara alijifunza kwa Mzanzibari, wala si lazima uwepo. Lililo muhimu kwa mhakiki ni kwamba mapokeo ya Kiswahili yalikwisha kuipa nafasi sanaa ya kusema ili aliye karibu asielewe, na hayakuiona kuwa ni uharibifu. Kinyume kilikuwa mchezo wa watu waliokimiliki Kiswahili kikamilifu. Kanga ya mwanamke wa pwani husema na jirani mmoja mbele ya majirani kumi. Fumbo la mshairi humlenga mtu ambaye hadhira nzima haimjui. Kumficha msikilizaji asiyekusudiwa ni ufundi wa zamani katika lugha hii, na mwanafunzi wa fasihi husomeshwa kuustahi pale unapotiwa vina na mizani.

Kutokana na hayo yafuata jambo ambalo watunga kamusi za Sheng hawana budi kulikabili. Kamusi ya Mbaabu na Nzuga, iliyotolewa na TUKI mwaka 2003, ilikuwa kazi ya kwanza ya taasisi ya utafiti wa Kiswahili kulishughulikia jambo hili kwa kiwango hicho, na ushujaa huo ustahiwe. Lakini kichwa chake kidogo, cha Kiingereza, kinaahidi kufumbua lugha ya wahalifu wa Afrika Mashariki. Maneno machache hayo yana makosa mawili. La kwanza ni la haki: mamia ya maelfu ya watoto wa shule wametiwa katika kundi la wahalifu kwa sababu tu hawaeleweki na mkaguzi. La pili ni la kitaaluma, na ndilo linaloihusu makala haya zaidi. Neno la Sheng likishafumbuliwa, limekwisha. Kazi yake ilikuwa kutenga walio ndani na walio nje; siku mwalimu anapolijua, halitengi tena, na vijana huliacha kama wanavyoliacha vazi ambalo mjomba amelivaa. Kamusi ya lugha nyingine yoyote hukusanya maneno yaliyo hai. Kamusi ya Sheng hukusanya maneno ambayo mengine yameanza kufa kwa kule kukusanywa, na yale yanayobaki hai ndani yake ni yale ambayo hayakuwa ya siri tangu hapo.

Si kwamba kazi hiyo haina faida. Faida yake ni ya kihistoria. Noti ya shilingi 500 iliitwa jirongo, kwa jina la Cyrus Jirongo, kiongozi wa kundi la vijana lililoipigia KANU kampeni kabla ya uchaguzi wa 1992, wakati noti hizo zilipoenea mikononi mwa watu. Ndani ya neno moja mna uchaguzi mzima, pamoja na harufu yake. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 hana sababu ya kulijua. Mtunzi wa kamusi aliyeweka mwaka kando ya kila neno, pamoja na mtaa na umri wa aliyelisema, angekuwa ametuachia hati ya maana kuliko yule aliyeweka maana peke yake.

Sasa waangaliwe wanaoisifu Sheng. Hawa wanao ushahidi wao. Kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilivuma mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa wimbo ambao jina lake lilikuwa Tafsiri Hii, na jina hilo peke yake ni tamko la nadharia, kwa kuwa linamtaka msikilizaji afanye kazi huku likijua kwamba huenda asiiweze. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walichukua kitenzi cha Kijaluo chenye maana ya kutisha, wakakivika kiambishi awali na kiambishi tamati vya Kiingereza, na neno hilo likawa wito wa wanasiasa wa NARC waliokuwa na umri wa kuwazaa. Jarida la Kwani?, lililoanza mwaka 2003, liliifungulia Sheng mlango wa maandishi. Redio moja ya Nairobi, Ghetto Radio, ikaanza kutangaza kwa Sheng hata taarifa za habari. Matangazo ya biashara na ya kampeni za afya yakafuata. Mtetezi husema: tazameni, imeenea, imekomaa, ipewe hadhi.

Lakini kinachoenea katika mifano hiyo ni nini? Mwanasiasa wa miaka 60 akilipaza neno la vijana jukwaani, neno hilo limekwisha kuwa lake. Tangazo la kampuni linaloeleweka na kila mnunuzi haliwezi kuwa limeandikwa katika usemi ambao mnunuzi haelewi. Kile ambacho redio hutangaza ni Kiswahili cha Nairobi chenye maneno ya vijana ya jana, kwa ladha na kwa ukaribu, na ni jambo jema kwa mahali pake. Vijana wa leo wamekwisha kuhama. Anayependekeza Sheng isanifiwe anapendekeza, bila kujua, kwamba ukuta ujengwe kwa vioo. Sifa hii na lawama ile ni ndugu wa baba mmoja: zote zinadhani kwamba kuna kitu kimoja kilichotulia kiitwacho Sheng, ambacho chaweza kupigwa marufuku au kutawazwa.

Kulinganisha na Dar es Salaam kutasaidia kulipima jambo hili. Vijana wa huko nao wana lugha ya mitaani, na mtu mzima wa huko naye hupotea. Basi la abiria liliitwa daladala, kutokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano. Rafiki ni mshikaji. Mji wenyewe, na baadaye nchi nzima, ikaitwa Bongo, kwa kuwa anayeishi pale hana budi kutumia akili. Vijana wa Dar es Salaam wanaficha maana zaidi kwa kuzigeuza maana za maneno ya Kiswahili yenyewe, ilhali wa Nairobi hukopa kutoka Kiingereza, Kigikuyu, Kijaluo, Kiluhya, Kikamba na Kihindi. Tofauti hiyo hujulikana. Isiyotajwa sana ni tofauti ya hofu. Wapo Watanzania wanaokemea lugha ya mitaani kwa sababu ya adabu, lakini ni nadra kusikia kwamba Kiswahili kitakufa kwa ajili yake. Kijana wa Kariakoo akiacha kusema mshikaji, anabaki na Kiswahili cha mama yake, cha msikitini au kanisani, cha sokoni, cha mahakamani, cha shule ya msingi. Ana mahali pa kurudi.

Kijana wa Nairobi ana mahali gani pa kurudi? Swali hili ndilo lililofichwa na kelele za pande mbili. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na idadi ya vitabu, walimu na watahiniwa iliongezeka kwa kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana. Lakini Kiswahili kilichopewa kijana darasani, hasa katika insha, kwa kiasi kikubwa kilikuwa cha mapambo. Mwanafunzi alikariri misemo ya mapambazuko, methali za kufungulia na za kufungia, tashbihi za uzuri wa mwanamwali. Akitakiwa kuandika mazungumzo ya vijana wawili kuhusu mpira, aliwafanya waamkiane kama mashehe wawili wa Lamu waliokutana baada ya miaka 20, na kwa hilo alipewa alama. (Mashehe wa Lamu wenyewe, inafaa kusemwa, wakikutana huzungumza Kiamu, ambacho mtahini yuleyule angekipiga kalamu nyekundu.) Nje ya darasa alikuwa na usemi wa rika lake, mwepesi, wenye mzaha, wenye kubuni. Kati ya hivyo viwili palikosekana kitu cha kawaida kabisa: Kiswahili cha kueleza bila mbwembwe jinsi bomba linavyotengenezwa, kwa nini kodi ya nyumba imepanda, daktari alisema nini. Kazi hiyo alifanyiwa na Kiingereza, au na Kiswahili cha baba yake ambacho shule ilimwambia ni Sheng.

Hasara iko hapa, na ni kubwa kuliko ile inayodaiwa. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba vitabu zangu na sidishi ni kosa moja hana njia ya kujirekebisha, kwa kuwa hayo si ya aina moja. La kwanza ni kasoro ya upatanisho ambayo yahitaji mazoezi ya ngeli, tena mengi, na mwalimu ana wajibu wa kulisahihisha kila linapotokea. La pili halina kasoro ya kisarufi hata moja. Tatizo lake ni mahali lilipotumiwa, kama vile ambavyo vazi la mazoezi halifai mazishini. Kwa kuyapiga yote alama moja ya kosa, mwalimu anamfundisha mtoto kwamba kila analolijua ni uchafu. Katika baadhi ya shule mtoto huyo hunyamaza katika kipindi cha Kiswahili, somo ambalo lilipaswa kuwa rahisi kwake kuliko mengine yote, akangoja kipindi cha Kiingereza ili azungumze. Hapo ndipo lawama dhidi ya Sheng inapokamilisha yenyewe lile inalolihofia.

Mwalimu mwenye kuijua tofauti hiyo ana nyenzo ambayo wenzake wa Pwani hawana. Kauli ya kutendesha yaweza kufundishwa kwa dedisha na bongesha kabla ya kufika rudisha na somesha, na mwanafunzi atagundua kwamba anaijua kanuni ambayo amekuwa akishindwa kuieleza. Vitenzi vya mkopo vinavyokataa kugeuza irabu vyaweza kuonyeshwa kwa kuviweka dishi na samehe upande kwa upande. Kwa njia hii Sheng haiingii katika insha. Inaingia katika somo la sarufi, ikiwa kama kitu kinachochunguzwa. Upinzani utakaotolewa ni kwamba mwalimu akilitumia neno ubaoni amelibariki. Kwa mujibu wa yaliyokwisha kuelezwa, amelizika, na huenda baadhi ya walimu wakaona kwamba hiyo ni sababu njema zaidi.

Linabaki suala moja ambalo utafiti haujalishughulikia vya kutosha, nalo ni la umri. Sheng huelezwa daima kuwa ya vijana, na takribani tafiti zote zinazosomwa zimehoji wanafunzi na vijana wa mitaani. Lakini mvulana aliyekuwa na miaka 15 Jericho mwaka 1975 amevuka 60. Alikuwa mtoto nyuma ya ule ukuta wa maneno. Akawa mzazi upande wa pili wa ukuta mwingine. Sasa ni babu. Baadhi ya maneno yake ya ujana hayakumwacha. Soo kwa shilingi mia na mathe kwa mama huzisikia kila rika la Nairobi, wala hakuna anayefichwa lolote. Mengine aliyaacha alipoajiriwa, mengine alipooa, na mengine huyatoa tu akikutana na aliosoma nao. Ni maneno yapi yaliyovuka naye na kuwa Kiswahili cha Nairobi cha watu wote, na ni yapi yaliyobaki mtaani yakafa, ni jambo linaloweza kuhesabiwa, maadamu wenye kumbukumbu hizo wangali hai. Uchunguzi wa namna hiyo wahitaji kuanzia kwa wastaafu, kwa kinasa sauti na daftari, katika mitaa ileile ambako wengine wao wangali wanaishi.